Kivaa Imekataa Tena

Kama kuna mtu anayetaka kujua hasira hukaa sehemu gani ya mwili, aniulize mimi. Hukaa shingoni, upande wa kushoto, na huanza kupiga pale unapobonyeza kitufe kilekile tangu asubuhi na kompyuta inakujibu maneno yaleyale: *Hitilafu isiyotarajiwa. Jaribu tena baadaye.*

Baadaye lini? Wiki nzima nilikuwa nimejaribu baadaye.

"Kivaa imekataa tena?" Madam Lavender aliuliza akiwa mlangoni. Ndiye meneja wa ushirika wetu wa mbegu hapa Machakos, mwanamke mwema ambaye hajawahi kubisha hodi maishani.

"Imekataa."

"Na Ndithini?"

"Hata Ndithini."

"Na Tala?"

"Tala inapita, Madam. Kangundo inapita. Ni hawa watu wa Masinga tu, Kivaa na Ndithini, ndio wanarudishwa, na siambiwi ni kwa nini."

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mkulima anajiandikisha kwa simu. Mfumo nilioutengeneza mimi unachukua jina lake na nambari ya kitambulisho, unavituma kwa kampuni moja ya Syokimau ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtu huyo ndiye kweli. Wakijibu ndiyo, mkulima anapata ujumbe aje achukue mbegu zake. Wakijibu hapana, harudi na kitu nyumbani. Ule mlango ambao mfumo wangu unaupitia kuzungumza na mfumo wao ndio sisi wa kazi hii tunaouita API. Wiki hiyo nilikuwa nimeuita majina mengine ambayo mama yangu hakunifundisha.

"Mvua iko karibu, Kavutha," Madam Lavender alisema. "Watu wa Kivaa wananipigia simu mpaka kanisani."

"Najua, Madam."

"Ndio maana nimepigia wale wa Syokimau. Nimewaambia sitaki barua pepe, nataka mtu. Wametuma yule mwenyewe aliandika hiyo kitu. Anapanda ngazi saa hii."

Shingo yangu ilisahau kupiga. Kilichopiga sasa kilikuwa kingine.

Nilimjua aliyeiandika. Nilikuwa nimekaa naye akiiandika, tukila mahindi ya kuchoma kwenye karatasi moja, akinionyesha kila kipande kilichomfurahisha. Mwezi wa nane Musili alikuwa awalete wazazi wake kwetu Tala kuniposa. Mama alikuwa amepaka rangi ukuta wa sebuleni. Shangazi walikuwa wamekwisha fika. Asubuhi ya siku yenyewe ukaja ujumbe kwenye simu yangu: *Kavutha, haitawezekana. Nisamehe.* Basi. Nilipiga simu, nikapiga tena, na kila alipopokea alisema yaleyale, kwamba kuna shida kidogo, nimsamehe. Shida gani? Hakusema. Baadaye nikasikia kwa watu kwamba amepata kazi Kigali na ataondoka Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa.

Akaingia. Shati la bluu, begi begani, na yale macho yake ya kuomba radhi kabla hata hajakosa. Amekonda, nikafikiri, kisha nikajikasirikia kwa kuona.

"Habari ya hapa," alisema.

"Hapa ni pazuri. Kivaa ndiko kubaya. Kaa."

Madam Lavender alitutazama, mmoja, kisha mwingine. Nilijua ameelewa kila kitu, maana aliufunga mlango, na yeye hafungi mlango.

Musili alivuta kiti karibu na changu. Nikavuta changu mbali kidogo. Alifungua kompyuta yake, na kwa kuwa umeme wa jengo letu ulikuwa umechukua neti ukaondoka nayo, akawasha ya simu yake tuitumie.

"Umeangalia ufunguo wa API?" aliuliza.

"Musili, mimi si mtoto. Ufunguo ni ule ule mlinipa. Kama ungekuwa umeisha, hata Tala ingekataa."

"Umetuma maombi mengi kwa wakati mmoja?"

"Nimetuma moja moja. Nimetuma nikilala kati yao. Nimetuma nikiomba."

"Labda neti ya Kivaa ni mbaya, data inafika ikiwa imekatika."

"Inatoka kwa seva yangu ikiwa nzima. Neti ya Kivaa ilimaliza kazi yake zamani."

Alikuna kidevu. Nilikumbuka hicho kidevu, nikageuza uso kuelekea dirishani.

"Nimejua," alisema ghafla. "Wazee. Vitambulisho vyao vya zamani vina nambari fupi. Pengine mfumo wako unaongeza sifuri mbele."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Niliangalia, nikiomba kimoyomoyo asiwe sawa. Nilimwonyesha kwenye skrini: nambari fupi zilikwenda fupi, ndefu zilikwenda ndefu. Akatikisa kichwa, nami nikafurahi kuliko inavyompasa mtu ambaye shida yake haijatatuliwa.

"Sasa nieleze wewe," nikasema. "Huu ujumbe. Hitilafu isiyotarajiwa. Ni nani mwenye akili timamu anaandika kitu kama hiki?"

Aliinamia kompyuta yake.

"Musili?"

"Ni mimi."

"Nilijua! Nilijua tu. Mtu anakuja na ombi lake, amekosea mahali, na wewe huwezi kumwambia ni wapi? Unamrudisha tu hivyo?"

"Si hivyo, Kavutha. Ukieleza sana, wezi wanajifunza. Mtu anajaribu jina, anaambiwa jina ni mbaya, anajaribu lingine. Ni usalama."

"Mimi ni mwizi?"

"Sijasema wewe."

"Watu wa kwenu Kivaa ni wezi?"

"Aiya, Kavutha."

"Mtu akikataliwa aambiwe sababu! Akiambiwa sababu atajirekebisha, ama ataenda zake akijua. Lakini wewe, hapana. Kuna shida kidogo. Jaribu baadaye. Nisamehe. Hivyo ndivyo ulivyo, na hivyo ndivyo unavyoandika kazi yako."

Hatukuwa tena tunazungumza juu ya mbegu, na sote tulilijua hilo. Alitazama mikono yake. Nilitamani ajitetee, anipigie kelele, anipe hata sababu ya uongo. Mwanamume akinyamaza namna ile, mwanamke hana pa kushika.

"Nionyeshe mmoja aliyekataliwa," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Kwa ajili ya faragha mfumo wangu huficha majina. Naona nyota tupu mahali pa jina, kisha nambari ya simu ya nyumba ile. Nilimfungulia ukurasa wa Kivaa. Alishuka nao polepole, kisha kidole chake kikasimama.

"Hii ni simu ya kwetu," alisema. "Hata baba amekataliwa?"

Nilitazama. Nambari niliijua pia, ila nilikuwa nimeikataza akili yangu isiijue. Wiki nzima nilikuwa nimeipita.

"Nani alimwandikisha?" nikauliza.

"Lazima ni Linet. Mutua ako Mombasa kwa kazi, na baba haoni vizuri kwa simu. Linet ndiye huandikia kila mtu pale." Linet ni mke wa ndugu yake Mutua, msichana mcheshi anayecheka kabla ya kumaliza sentensi. "Mpigie. Tumia simu yako, yangu ndiyo inatupa neti."

"Nimpigie mimi?"

"Ni kazi, Kavutha."

Nikapiga, nikaweka sauti ya wazi mezani.

"Kavutha!" Linet alipiga kelele hata kabla sijasalimia. Kumbe bado ameniweka kwenye simu yake. "Ni wewe kweli? Wĩ mũseo?"

"Nĩ mũseo, Linet. Nakupigia kwa mambo ya mbegu. Ulipoandikisha mzee, uliandika jina gani?"

"Jina la mzee."

"Ndiyo. Gani?"

"Ya huyu mzee wa hapa."

"Linet, nisomee vile uliandika."

"Niliandika Baba Mutua."

Musili na mimi tulitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo, na ilidumu kidogo kupita ilivyohitaji kazi.

"Baba Mutua," nikarudia. "Kwa ile sehemu inasema jina kamili la kitambulisho?"

"Sasa ningeandika nini?"

"Jina lake, Linet. Analo."

"Aiya, dada!" Alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Huyo ni baba ya bwana yangu. Mimi nitamtaja jina? Na nthoni nitaiweka wapi? Hata huyu jirani wangu Tracy ameandika wake Mzee wa Kisimani. Sisi wote tumeandika hivyo. Kwani kompyuta haijui?"

Niliinamisha kichwa mezani. Wiki nzima! Nilikuwa nimebadilisha mistari, nimelaumu seva, nimelaumu Syokimau, nimelaumu hata hali ya hewa. Wale wa Tala na Kangundo walijiandikisha wenyewe sokoni, kila mtu akataja jina lake. Lakini Kivaa na Ndithini wanaume wengi wako mbali kikazi, wazee hawawezi simu, na mwenye simu ni mke wa mwana. Na mke wa mwana, ukimpa simu nzuri namna gani, hatamki wala haandiki jina la baba mkwe wake. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya wakwe. Mimi ni Mkamba, nimelelewa na Mkamba, na sikulikumbuka hilo hata kidogo. Nilikuwa nimeandika fomu kama mtu aliyezaliwa ndani ya kompyuta.

"Linet," nikasema, "tafadhali piga picha ya kitambulisho cha mzee, unitumie."

"Hiyo naweza. Picha haina shida." Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini Kavutha, utakuja lini? Hata vile mama yako alitupigia usiku ule akatukataza tusikuje, mzee alisema tungoje, moyo wa mama utarudi. Sisi bado tunangoja, aki."

Musili alikuwa amefumba macho.

"Mama yangu aliwapigia?"

"Alimpigia Musili. Kwani hakukuambia? Aiya! Wacha nitafute kitambulisho." Akakata.

Nilimgeukia Musili. Nilijaribu kusema polepole.

"Mama yangu alikupigia."

"Usiku kabla ya siku yenyewe."

"Alikuambia nini?"

"Alisema hawezi kupeleka mtoto wake Kivaa akachote maji mpaka azeeke. Alisema nikikupenda nikuache. Na nisikuambie ni yeye."

"Na wewe ukatii."

"Ni mama yako, Kavutha. Sikutaka ugombane na yeye kwa sababu yangu."

"Kwa hivyo ukaamua nigombane na wewe!" Nilisimama. "Nimelia, Musili. Nimekaa na shangazi zangu wakinitazama kama mgonjwa. Nimejiuliza kama ninanuka, kama uliona msichana mwingine, kama nilicheka vibaya mbele ya baba yako. Ungeniambia tu! Neno moja!"

"Nilifikiri utanichukia kidogo, halafu utasahau."

"Nimekuchukia sana, na sijasahau hata kitu kimoja. Umefurahi?"

Macho yake yalikuwa na maji. Kama mtu angeniuliza wakati ule ninataka nini, ningesema nataka kumrushia kompyuta, na pia nataka kuweka kichwa changu kwenye lile shati la bluu, na sijui kipi kingekuwa cha kwanza.

Mlango ukafunguka. "Kivaa je?" akauliza Madam Lavender.

"Tunaelekea!" tulimjibu pamoja. Akafunga.

Tulifanya kazi, maana kazi ilikuwepo, na ilikuwa rahisi kuliko ile nyingine. Tulikubaliana kwamba tutaacha kabisa kuwauliza wake wa wana jina la mzee. Wataandika nambari ya kitambulisho tu, mfumo wa Syokimau utaleta jina wenyewe, na Linet na wenzake watabonyeza kitufe cha kusema ndiyo, ni yeye. Hakuna mtu atakayelazimishwa kutaja mtu. Musili aliandika upande wake, mimi nikaandika wangu. Alifuta pia ule ujumbe wake wa hitilafu isiyotarajiwa, bila kuombwa, akaandika: *Jina halilingani na kitambulisho.* Nilimwona akifanya hivyo.

"Tujaribu na wa kwetu kwanza," alisema. "Nataka nilinganishe jina lenye litarudi na lile la kadi. Linet ametuma?"

Simu yangu ilikuwa imelia. Niliifungua. Kitambulisho kile kilikuwa kimewekwa juu ya meza ya kitambaa cha maua, na uso wa mzee ulikuwa uleule, na macho yaleyale ya kuomba radhi ambayo alimrithisha mwanawe.

"Nisomee jina," Musili alisema, vidole juu ya vitufe.

Nilitazama herufi. Zilikuwa kubwa, wazi kabisa. Mimi ni msichana wa chuo kikuu. Ninasoma majina ya watu mchana kutwa. Nilifungua mdomo.

"Nisomee, Kavutha."

"Jisomee mwenyewe," nikasema, na kumsukumia simu.

Hakuichukua. Aliondoa vidole kwenye vitufe, akanigeukia pole pole.

"Kwani jina la baba yangu liko na nini?"

"Halina kitu. Nimechoka. Nimesoma tangu asubuhi."

"Basi soma hilo moja. Ni mkulima tu wa Kivaa. Ukilisoma nitafunga hii kompyuta, nitateremka ngazi, na Jumatatu nitaenda Kigali. Sitakusumbua tena."

Nilihisi machozi yanapanda, na hasira pamoja nayo, hata sikujua ni yapi ya nini. Badala ya kumjibu niliivuta simu yangu na kumpigia mama. Kuna ugomvi uliokuwa umelala muda mrefu kwa sababu watu wawili walikuwa wamenificha, na mmoja wao alikuwa tayari ameshapata haki yake.

"Mwaitũ," nikasema alipopokea. "Ulimpigia Musili ukamkataza asije?"

Mama yangu, Mwalimu Nzilani, amestaafu, lakini sauti yake bado iko darasani. "Musili yupi?"

"Mwaitũ. Unajua ni yupi."

"Musili ni wengi, mwiitu wakwa. Ukitaka kunishtaki, nishtaki sawasawa. Musili mwana wa nani?"

"Wa Kivaa."

"Kivaa ina watu. Nimeuliza, mwana wa nani? Taja mtu, nimjue."

Herufi za kile kitambulisho zilikuwa bado machoni pangu.

"Siwezi kumtaja, mwaitũ," nikasema.

Nilisikia kuku wake, na redio ya jirani kwa mbali. Mama aliishi na babu yangu, baba mkwe wake, boma moja mpaka mzee alipofariki, na mpaka leo akimzungumzia anasema tu "yule mzee wetu". Hakuhitaji kufafanuliwa.

"Huwezi ama hutaki?" aliuliza. Sauti ilikuwa imetoka darasani.

"Siwezi. Nimejaribu sasa hivi. Haitoki."

Kisha akashusha pumzi kama mtu anayeweka ndoo chini.

"Ako hapo?"

"Ako hapa."

"Mpe simu."

Musili aliipokea kwa mikono miwili. Alisimama, akageukia ukuta, kama anavyofanya mtu mbele ya mama mkwe wake, ingawa mama mkwe mwenyewe alikuwa Tala. Nilisikia upande wake tu. "Ndiyo, mama." "Hapana, mama, sijakasirika." "Jumatatu, mama." Akasikiliza kwa muda mrefu. Mgongo wa lile shati la bluu ulianza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka. "Ndiyo, mama. Nitawaambia."

Alinirudishia simu. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Amesema nini?" nikauliza. "Na usiniambie kuna shida kidogo. Nitakurusha dirishani."

"Ameniuliza kama Kigali ni mbali. Nikamwambia ni mbali sana." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Akasema kama ni lazima mtu amchukulie mtoto wake, basi bora ampeleke Kivaa."

Nilimshika ule mkono uliolowa, na Ndithini ikangoja kidogo.